Pete Iliyokatwa

Haya wewe uliyekaa karibu, nikutegee. Nina nyumba ya mviringo, haina mlango wala paa. Mpangaji wake ni mmoja miaka nenda miaka rudi, na siku akinenepa, yeye hawezi kutoka na nyumba haiwezi kumwachia. Ni nini? Unasema kinu? Kinu kina mdomo na kina kitako. Unasema mzinga? Nyuki hawakai mmoja. Umeshindwa, basi nipe mji. Umenipa Kumasi? Vizuri, maana huko huko ndiko nilikotaka kukupeleka. Nyumba ni pete, na mpangaji ni kidole cha Akua Sapomaa.

Kidole hicho kilianza kuvimba na mvua za kwanza. Ilikuwa presha, na presha ilimshika miguuni kabla ya kupanda mikononi. Sapomaa alikuwa na miaka sitini na tisa, na maumivu hayakumtisha sana. Alishika leso mkono wa kushoto kutwa nzima, mtu asione. Lakini kliniki hawaangalii leso. Nesi alimgeuza kiganja, akakuta pete imezama nyamani na kidole kimeiva rangi ya biringani.

"Bibi, hii itoke leo."

"Itatoka, mwanangu. Uvimbe ukipungua itatoka yenyewe."

"Uvimbe huu haupungui leo wala kesho. Pete isipotoka, kitakachotoka ni kidole. Nikukatie? Mkasi wake tunao hapa."

Sapomaa aliuvuta mkono upesi. "Ninaye sonara wangu," alisema, akafunga leso yake, akaondoka hata dawa zake hakuzisubiri.

Usidhani ni ukaidi wa kizee. Pete ile ndiyo iliyokuwa mdomo wake kwa mumewe.

Mumewe, Kwaku Amoateng, alikuwa sonara tangu ujana, na watu wazima kwa watoto walimwita Agya, baba. Miaka mitatu sasa alikuwa akisahau. Alianza na majina ya zana, koleo akiita tupa na tupa akiita kijiko, watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Yakafuata majina ya wanawe. Mwisho zikaenda sura. Alikaa kwa ukoo wa mama yake, chini ya uangalizi wa dada yake Foriwaa, na Sapomaa alikaa kwa ukoo wa mama yake mwenyewe, mtaa wa tatu kutoka hapo, kama walivyokaa tangu waoane. Kila alasiri kwa miaka arobaini na minne Sapomaa alipika, akafunika bakuli kwa kitambaa ndani ya beseni, akajitwika, akampelekea mumewe. Na kila alasiri, kwa miaka hii mitatu, Amoateng alimtazama akiingia uani na kumwuliza kwa adabu, "Mama, wewe nani?"

Sapomaa hakuwa akibishana. Alitua beseni, akanawa mikono, akampa mkono wa kushoto. Amoateng aliushika, na kidole gumba chake, kilichokakamaa kwa makaa na tupa, kikaitafuta pete upande wa kiganjani. Hapo, ncha za pete zilipounganishwa, palikuwa na kipele kidogo cha lehemu, hakizidi punje ya mtama. Asubuhi ya kumwoa Sapomaa, wajomba zake Amoateng walikuwa wamesimama mlangoni na chupa za kinywaji mikononi wakimgombeza kwamba wanachelewa, naye hakupata muda wa kukisugua. "Nitakisugua kesho," alimwambia bibi harusi. Kesho yake bibi harusi alikataa, na akakataa kila alipoulizwa.

Kidole gumba kikifika kwenye kipele, macho ya Amoateng yalirudi nyumbani. "Akua," alisema. "Leo umechelewa." Hata kama alikuwa amewahi. Kisha akala. Chakula cha mtu mwingine hakukigusa. Foriwaa alimpikia, Birago binti wa Foriwaa alimpikia, na wote wawili aliwarudishia bakuli akisema, "Asanteni, mimi nina mke."

Sasa umeelewa kwa nini mkasi wa kliniki ulimtisha.

Sonara aliyemwendea alikuwa Yaw Dabanka, mwanafunzi wa zamani wa Amoateng, ambaye sasa yeye mwenyewe alikuwa na wajukuu. Alikuwa ameinama juu ya mkufu wa watu. Alipoona kidole, aliusukuma mkufu pembeni.

"Mama! Ulikuwa unangoja kianze kunuka ndipo uje?"

"Nilikuwa nangoja upate akili. Nimeona haiji, nikaamua kuja hivyo hivyo."

Dabanka akacheka, lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Alipaka sabuni, pete haikusogea. Alipaka mafuta ya mawese akazungusha uzi kwenye kidole, duara juu ya duara, akauvuta pole pole kama alivyofundishwa, na Sapomaa akauma leso mpaka machozi yakamtoka. Pete ilikuwa imekaa. Alijaribu mara tatu, jasho likimdondoka puani.

"Agya hakuwahi kukata pete kwenye kidole cha mtu aliye hai," alisema. "Unajua hilo. Angekaa na mtu nusu siku na uzi wake."

"Agya hakuwahi kuona kidole kama hiki. Kata."

"Basi nitakata hapa kwenye kipele. Pete hufunguliwa pale ilipofungwa. Ukikata pengine, inakuwa na viungo viwili."

"Hapo usiguse."

"Mama, ndiyo kazi inavyotaka."

"Nimesema hapo usiguse, Yaw! Kata mgongoni mwa kidole. Anapapasa hapo kwenye kipele tu, kwingine haendi. Iwe na viungo viwili, iwe na kumi, kipele changu niachie."

Dabanka aliugeuza mkono, mgongo juu. Halafu akapenyeza kibati chembamba kati ya pete na nyama, akachukua msumeno mdogo kama unywele, akakata mgongoni. Alipoipanua kwa koleo na pete ikatoka, Sapomaa hakutazama pete. Alitazama kidole chake. Kilikuwa na mfereji mweupe uliokizunguka, na kilikuwa uchi mara ya kwanza tangu awe msichana.

"Nirudi lini?"

"Ingekuwa kazi ya mtu mwingine, kesho kutwa."

"Alasiri hii ninapeleka chakula."

"Najua. Kaa hapo."

Aliacha mkufu wa watu. Alitafuta dhahabu ya rangi ile ile, akayeyusha, akagonga kipande kidogo, akakipachika penye mwanya, akatia lehemu, akasugua kwa tupa laini, kisha kwa majivu, kisha kwa kitambaa, akapitisha ukucha wake mwenyewe mara kumi. Kipele hakukigusa. Ilipokwisha, pete ilikuwa pana kiasi cha kuingia na kutoka bila kugombana na mtu.

"Papasa, Mama. Ukipata kiungo changu, nitafunga duka."

Sapomaa akapapasa. Hakupata kitu. Akamshika Dabanka shavu, akamwita mwana wa tumbo lake, akaondoka mbio mbio kwenda kuwahi ndizi zake jikoni.

Siku ile alipika ndizi mbichi za kuchemsha, mchuzi wa majani ya magimbi na samaki wa moshi. Njiani alikuwa mwepesi. Kidole kilikuwa kinapumua na moyo ulikuwa unapumua. Aliingia uani, Foriwaa akiwa anachambua njugu.

"Wifi, leo umevaa uso mpya," Foriwaa alisema.

"Ni ule ule. Nimeuosha tu."

Amoateng alikuwa kwenye kiti chake cha ukutani, kofia yake ya kitambaa kichwani. "Mama, wewe nani?"

Akatua beseni, akanawa, akampa mkono. Kidole gumba kikatembea kiganjani, kikafika kwenye kipele, kikasimama.

"Akua. Leo umechelewa."

"Nilipita sokoni, Agya."

"Majani ya magimbi?"

"Na samaki wa moshi."

"Ah," Amoateng alisema, na uso wake wote ukalegea kwa raha. Sapomaa alikuwa ameshamega kipande cha ndizi, ameshakichovya. Lakini mume hakuuachia mkono. Pete sasa ilikuwa inazunguka, haikuwa imezunguka kwa miaka mingi, na kitu kinachozunguka mkononi mwa sonara lazima sonara akifuate. Kidole gumba kikaondoka kwenye kipele kikapanda. Kikapita pembeni. Kikafika mgongoni. Mimi na wewe tungepitisha ulimi pale tusipate chochote. Kidole chake kilisimama. Kikarudi nyuma kidogo. Akapita tena, kwa ukucha.

"Hii imekatwa," alisema.

"Imepanuliwa tu, Agya. Kidole changu kilivimba."

Hakusikia. Alikuwa akiitazama pete, na miguu yake ilikuwa imeanza kumwinua kutoka kitini. Sapomaa alimwona akipeleka mkono kichwani, akivua kofia, na hapo akakirudisha kipande cha ndizi bakulini. Maana aliujua mwendo ule. Waliokuwa hai Amoateng aliwavua pete kwa sabuni na subira. Waliomletea pete zilizokatwa walikuwa wenye misiba, pete imetolewa kwenye mkono wa marehemu uliovimba, imefungwa kwenye kitambaa cheusi. Miaka yote ile, kabla ya kunyoosha mkono kuipokea, Amoateng alisimama kwanza na kuvua kofia.

"Pole, mama," alimwambia mkewe. "Umetumwa jambo zito. Nimeelewa. Akua wangu amekufa."

"Agya! Mimi ndiye Akua! Nitazame!"

Alimtazama kwa huruma sana. "Wewe ni dada yake? Mnafanana."

"Mimi ndiye! Nani mwingine angekuletea chakula?"

"Msilie kwa kelele. Alikuwa hapendi kelele." Akaketi, kofia magotini. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Niambie kitu kimoja. Alipokata roho, nilikuwepo?"

Sapomaa aliziba mdomo kwa leso.

"Sikumbuki kuwepo," Amoateng alisema. "Natafuta, sioni. Nilikuwepo?"

Sapomaa alisukuma bakuli mbele yake. Amoateng akalirudisha taratibu. "Mke wangu hajazikwa. Unaniletea chakula mimi? Hata wewe hujui mila?"

Maji alikubali. Chakula hapana. Mfiwa hali mpaka maiti ya mwenzake iingie ardhini, na mambo mengi yalikuwa yamemtoka Amoateng kichwani, lakini hilo halikuwa mojawapo.

Kesho yake Sapomaa alidhani mumewe amesahau. Na kweli alikuwa amesahau, maskini, alimwuliza vile vile, "Mama, wewe nani?" Sapomaa alikuja amevua pete, ameifunga pembeni ya leso. Akampa mkono mtupu. Kidole gumba kikatafuta, kikatafuta, kikakosa. "Asante kwa chakula," Amoateng alisema, "lakini mimi nina mke." Akalirudisha bakuli. Sapomaa alikaa mpaka ndizi zikapoa na kukauka, halafu, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akaivaa pete, akampa mkono tena.

"Akua. Leo umechelewa."

Pumzi moja tu. Alijaribu kuuvuta mkono mapema, Amoateng akaushika. Kidole gumba kikapanda mgongoni, kikasimama. Kofia ikavuliwa. Na swali likaja lile lile: nilikuwepo?

Siku ya tatu ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu jioni Foriwaa alimfuata mpaka mlangoni.

"Wifi, amenidai kitambaa chake chekundu cha msiba. Nimempa. Ningefanyaje? Asubuhi hajui amefiwa na nani, lakini anajua amefiwa. Mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Mwambie tu."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umekufa na umezikwa. Ale."

"Nijitangazie kifo kwa mdomo wangu? Foriwaa, unanichukia hivyo?"

"Ningekuchukia ningekuwa nimekwambia zamani, ulipokuwa ukinipita hapa na kiuno chako." Wote wawili walitaka kucheka, ikashindikana. Foriwaa akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Basi ukae na jina lako, na yeye afe kweli. Tuwe na msiba mmoja wa hakika."

Sapomaa alikwenda nyumbani, akakaa jikoni. Hakuogopa mwiko wa kujitaja miongoni mwa wafu, ingawa ni mwiko. Alijua kitu kingine. Ile pumzi moja, ile "Akua, leo umechelewa", ndiyo iliyokuwa ndoa yake yote iliyobaki. Akimwambia mkewe amezikwa, huenda hilo nalo akalisahau kesho. Lakini itabidi amwambie tena kesho. Na itabidi auache mkono wenye pete nyumbani, maana mkono huo ndio unaomfisha kila siku. Atakuwa mwanamke fulani aliyeleta chakula. Hakuna mtu tena duniani atakayemwita kwa ile sauti.

Siku ya nne alimchukua Dabanka. Dabanka alimpigia goti mwalimu wake pale uani, mvi kichwani, akalia kama mtoto aliyevunja chungu.

"Agya, ni mimi niliyekata. Mama yuko hai. Ni huyu hapa. Kidole kilikuwa kinaoza, ndiyo maana nikakata."

Amoateng alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepasuka, kitambaa chekundu kimemlegea begani. Aliomba pete, Sapomaa akaivua akampa. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha, akaisogeza karibu na jicho moja.

"Fundi aliyefanya hii anajua kazi," alisema. "Nani alimfundisha?"

"Wewe, Agya."

"Mimi?" Akafurahi, kwa kweli akafurahi. "Basi nilimfundisha vizuri. Mwambie nimemsifu." Akamrudishia Sapomaa pete kwa mikono miwili, kama inavyorudishwa mali ya marehemu. "Iwekeni vizuri. Alikuwa nayo siku nyingi."

Dabanka alitoka nje ya ua, akasimama na uso ukutani. Foriwaa alijifanya ana kazi na njugu zake. Sapomaa alibaki na mumewe, na bakuli katikati yao, mvuke ukitoka.

Amoateng alifumba macho, akayafumbua. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba sana, ikabidi Sapomaa ainame.

"Mama, nakusumbua. Nilikuuliza kitu, sijui lini, hukunijibu. Au ulinijibu nikasahau. Akua alipokata roho, nilikuwepo?"

Sapomaa aliifunga pete kwenye ncha ya leso, mafundo mawili. Alinawa mikono. Alimega kipande cha ndizi, akakichovya, akakishika tayari.

"Ulikuwepo," alisema. "Hukuondoka hata kwenda kunawa uso. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wako mpaka mwisho, na alijua ni wako, maana alikuambia umechelewa. Jumamosi tukamzika, watu walijaa mpaka barabarani, na wewe ulivaa kitambaa hicho hicho ulichovaa. Hujamwacha peke yake hata kidogo. Na kabla hajafumba macho alinigeukia mimi, akaniambia nikupikie, akasema wewe utakula."